Kadirisha ka Chumvi

Ofisi imenipa utepe wa mita thelathini,
kalamu ya risasi, fomu yenye miraba,
na barua ambayo mhuri wake umevuja wino.
Nimetumwa kuiandika nyumba kabla haijabomolewa,
au kabla haijaokolewa. Barua haikusema ipi.

Lubumbashi, Oktoba. Mijakaranda inamwaga zambarau
juu ya bati lililotafunwa na moshi wa tanuru la shaba.

Mraba wa kwanza: *Mwenye nyumba.*
Stamatis Vroulis, muuza vitambaa, chumvi na kandili,
aliyekuja kwa reli akaondoka kwa ndege.

Mraba wa pili: *Mtindo.*
Barza pana, nguzo nane.
Paa lenye mabega mapana, mvua iteremke bila kugusa ukuta.
Matundu ya hewa chini ya dari, yamekatwa mfano wa jani.
Vigae vya saruji, chekundu kwa cheusi, chekundu kwa cheusi,
kimoja kimegeuzwa,
na fundi alijua.
Komeo la mlango wa duka limelambwa na viganja
hadi likawa jembamba kama kijiko kizee.

Mraba wa tatu: *Vifaa.*
Matofali ya kichuguu.
Hapa kalamu inasita.
Mchwa waliitafuna hii bulongo kabla yeyote hajaota duka,
wakaikanda kwa mate, wakajijengea mji,
wakaja watu na majembe wakauvunja
wapate kuta.
Kila urithi una kichuguu chake chini.

Kwenye tofali moja, usawa wa kiuno,
pana alama ya kidole gumba.
Nikaweka changu. Kikaingia, na nafasi ikabaki.
Fomu haina mraba wa mwenye kidole.

Bwana Muteba, mnunuzi, amefika na viatu vyeupe.
"Uso wa nyumba nitauacha," anasema, "mimi si mshenzi.
Nitaupaka rangi ya maziwa, nguzo nitazing'arisha.
Ila lile tundu la nyuma nitaliziba.
Wageni wa hoteli hawapendi huzuni na chai."

Tundu lipi?

Mama Ngalula, mshonaji wa vyumba vya uani,
akasogeza cherehani, akasogeza ndoo mbili,
akanionyesha: dirisha la upana wa mikono miwili,
bawaba moja, ubao mmoja.
"Wazungu walipita mlango wa mbele. Sisi tuliuziwa hapa.
Ile kadirisha, baba, usiandike kwamba haiko."

Kizingiti chake kina bonde.
Si patasi iliyolichimba. Ni viwiko.

Bibi yangu Kabedi alikuwa mfupi.
Alituambia habari za chumvi ya karatasi iliyosokotwa,
za kusimama kwa vidole vya miguu,
za mkono uliotoka gizani ukachukua franka
na haukuwa na uso.
Hakututajia mtaa wala duka.
Nyumba za namna hii zilikuwa nyingi;
sitasema ni hii.
Lakini niliinama, nikaweka kiwiko pale bondeni.

Mraba wa mwisho: *Vya kuhifadhiwa.*
Barza, ndiyo. Vigae, pamoja na kile kilichogeuzwa.
Majani ya hewa. Komeo.
Kisha nje ya mraba, pembezoni, kwa herufi kubwa:
KADIRISHA KASIZIBWE.
Kama lazima kitu kizibwe,
uzibwe mlango wa mbele.

Bwana Muteba alisoma begani mwangu, akacheka,
akaniuliza ofisi yenu inalipa kiasi gani.
Sikumjibu. Mshahara wa Julai haujafika.

Palibaki kipimo kimoja, unene wa ukuta.
Nikapitisha utepe dirishani, mkono hadi bega,
nikasema, Mama, nishikie ncha.
Upande wa pili vidole vikaupokea.
Sikuona uso.
"Ngapi?" akauliza.
Sentimita arobaini na tano,
na mkono wangu ulikuwa bado umo ndani.